Santuri za Wazazi na Kikuza Sauti Kipya

Katika nyumba kadhaa za Kampala zingalimo santuri walizoziacha wazazi, na nyingine hazipatikani tena dukani. Mrithi hununua mashine na kikuza sauti, kisha hushangaa: wimbo wasikika kwa mbali, au wakwaruza. Mara nyingi kosa si la santuri.

Kichwa cha sindano chenye sumaku inayotikisika hutoa umeme wa milivolti 3 hadi 5. Kikuza sauti cha awali kikiuzidisha mara 100, hupatikana karibu nusu volti, nayo yatosha. Kichwa cha koili inayotikisika, ambacho aghalabu ni ghali zaidi, huweza kutoa milivolti 0.3 tu, hicho chahitaji kuzidishwa mara 1,000 hivi. Kikipewa mara 100, mwenye nyumba atafungua sauti hadi mwisho, na atakachosikia zaidi ni mvumo wa umeme. Cha sumaku nacho kikipewa mara 1,000, sauti hupasuka.

Basi karatasi za vyombo vyote viwili na zisomwe kabla shilingi hazijatoka mfukoni. Vichwa vya fuwele vya mashine za kale ni habari nyingine: hutoa mamia ya milivolti, wala havihitaji kikuza sauti cha awali, ila sindano zake nzito huzila santuri.