Hofu ya Damu Ngeni katika Riwaya ya Innsmouth

Riwaya za kutisha ziitwazo za kigothi zilianza Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipotoa The Castle of Otranto. Tangu hapo mambo yake makuu hayakubadilika sana: mahali palipotengwa na watu, majengo makuukuu, siri ya wazee inayowaandama wajukuu, na mgeni asiyejua aingiapo. Mwamerika H. P. Lovecraft aliyatumia mambo hayo kueleza habari za mji ulioshika dini ya siri, katika The Shadow over Innsmouth, riwaya fupi aliyoiandika mwaka 1931, ikatolewa kitabu mwaka 1936.

Msimulizi ni kijana aliyefika kwa basi, mwaka 1927, katika Innsmouth, bandari ya kubuniwa ya jimbo la Massachusetts. Aliukuta mji umechakaa, unanuka samaki, na wenyeji wake wana macho yasiyopepesa. Mzee mlevi, Zadok Allen, alimweleza kwamba nahodha Obed Marsh, katika safari zake za biashara visiwani Pasifiki, alijifunza kuwatolea viumbe wa vilindini kafara za watu, nao humlipa samaki na dhahabu. Ibada hiyo ikaletwa Innsmouth kwa jina la Dagoni, mungu wa Wafilisti atajwaye katika Biblia, na viumbe wale wakaoana na watu. Usiku ule kijana aliwindwa, akaponea chupuchupu.

Hofu imejengwa kwa kukawiza. Habari hutoka kwanza kwa karani wa stesheni, kisha kwa kijana wa dukani, kisha kwa mlevi. Kila shahidi aweza kutiliwa shaka, lakini maneno yao hulingana. Hata viumbe wenyewe watokeapo barabarani, msomaji amekwisha kuwaamini kabla ya kuwaona.

Hata hivyo, kitishacho zaidi katika kitabu hiki ni kuchanganyika kwa damu. Lovecraft aliwadharau wahamiaji na watu wa rangi nyingine, na barua zake zathibitisha hayo. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako majahazi yameleta wageni kwa karne nyingi, wakaoa na kuzaa, jambo lifanywalo hapa kuwa laana ni sehemu ya historia ya miji yake. Hana budi basi kuuliza: uovu wa Innsmouth ni kafara ya watu, au ni mtoto aliyezaliwa na mgeni? Mwandishi ameyafunga mambo hayo mawili pamoja. Kuyafungua ni kazi ya msomaji.

Mwisho wa kisa wamsaidia. Kwa ushahidi wa kijana huyo, serikali iliwakamata wenyeji wa Innsmouth na kuwatia vifungoni pasipo kesi. Baadaye aligundua kwamba yeye mwenyewe, kwa upande wa mama, ni wa ukoo wa Marsh, na uso wake ulianza kugeuka. Kwanza alikusudia kujiua. Kisha akaiitikia bahari kwa furaha. Yaelekea Lovecraft alitaka furaha hiyo itishe kuliko yote yaliyotangulia. Lakini msomaji aliyefuatana na kijana tangu mwanzo anaona pia jambo jingine: wale aliowashitaki kama viumbe wageni walikuwa jamaa zake.