Vyakula vya Sikukuu ya Holi

Wasikilizaji wetu, baadhi yenu mmepata kuwaona Wahindu wa mjini wakipakana na kurushiana rangi siku moja ya mwaka, mkadhani ni mchezo wa watoto tu. Ile ni sikukuu ya Holi, na leo twapenda kuwaeleza habari za vyakula vyake.

Holi huangukia mwezi mpevu wa Phalguna, yaani Februari au Machi katika hesabu yetu. Wakati huo, kaskazini ya Bara Hindi, baridi imekwisha, na ngano iliyopandwa Oktoba au Novemba imetoa masuke, illa haijavunwa. Usiku wa kuamkia siku ya rangi huwashwa moto mkubwa, kwa kukumbuka kisa cha kijana Prahlad, aliyetiwa motoni pamoja na shangazi yake Holika. Kijana alimtegemea Vishnu akatoka mzima, shangazi akateketea. Basi wakulima huja na masuke ya ngano na shayiri, wakayachoma katika moto ule na kula punje zake. Chakula hicho hakina sukari wala samli, lakini mwenye shamba huonja mavuno yake hali hajui bado kama mvua ya mawe itamwachia kitu.

Kesho yake, baada ya kuchezeana rangi, watu huoga na kuvaa nguo safi, kisha huzuru jamaa. Kila nyumba hapana budi iwe na gujiya. Kwa umbo ni kama sambusa iliyokatwa mfano wa nusu mwezi: unga wa ngano uliokandwa kwa samli, ukasukumwa kuwa duara ndogo, ukajazwa na kukunjwa. Kingo zake husokotwa kwa vidole, kwani zikiachia katika samli ya moto, vyote vya ndani humwagika na kuungua. Wanawake wa nyumba moja na majirani hukaa kitako pamoja kuifanya kazi hii siku kadha kabla ya sikukuu.

Kilichomo ndani ndicho chenye gharama. Hukiita khoya, nayo ni maziwa yaliyochemshwa polepole katika karai pana, yakikorogwa bila kuachwa, hata maji yote yakaisha. Ratli 5 za maziwa ya nyati wa kufugwa hutoa ratli 1 hivi ya khoya. Huchanganywa na sukari, iliki, lozi, zabibu na pengine nazi. Kwa kuwa siku zile kila mtu ataka khoya na maziwa hayatoshi, wachuuzi wasio waaminifu huitia wanga ipate kuongezeka. Maofisa wa afya hupita madukani kabla ya sikukuu, na mama mwenye hadhari aweza kuipima nyumbani: hutia khoya kidogo katika maji, huichemsha, na ikipoa hudondoshea dawa ya iodini. Ikigeuka rangi ya buluu, ina wanga ndani yake.

Kinywaji cha siku hiyo ni thandai: maziwa baridi yaliyotiwa lozi zilizosagwa, shamari, pilipili manga, iliki na maua ya waridi. Wengine huongeza bhang, yaani majani ya bangi yaliyopondwa. Desturi hiyo ni ya zamani, na katika majimbo mengine huuzwa kwa ruhusa ya serikali. Lakini sisi hatuisifu, na mgeni yampasa aulize kabla ya kunywa, maana utamu wa maziwa huificha.

Wamaratha hawasifu gujiya sana. Wao hupika puran poli, mkate mwembamba uliojazwa dengu zilizopondwa pamoja na sukari guru, na kipande hutolewa sadaka motoni kwanza.

Wagujarati, ambao ndio wengi katika Wahindu wa Afrika ya Mashariki, hula tende, dengu za kukaanga na bisi za mtama, na nazi nzima hutupwa motoni. Tende hizo zamani zilifika Gujarat kwa majahazi kutoka Maskati na Basra, kama zilivyofika Lamu na Unguja. Nazi ikiisha kuungua huopolewa, hupasuliwa, na nyama yake yenye harufu ya moshi hugawiwa waliopo.