UPATANISHO WA SEHEMU: JINSI YA KUCHAGUA VIPANDE VYA KOMPYUTA YA KWANZA YA MICHEZO KWA FEDHA CHACHE

0. Utangulizi

Miongoni mwa wanafunzi wetu wamo wengi wanaotamani kompyuta iwezayo kuendesha michezo ya kisasa, na ambayo wakati huohuo itawafaa katika masomo: kuandika kazi ya mwisho wa licence, kuhariri sauti zilizorekodiwa vijijini, kutunza maktaba ya vitabu. Wengine hununua kompyuta iliyokwisha kuundwa kiwandani. Wengine huona afadhali wanunue sehemu mojamoja na kuziunga wenyewe. Njia hii ya pili ina faida kwa yule anayejua anachokitafuta. Kwa asiyejua ni hasara tupu, kwa maana sehemu hizo hutufikia kutoka mbali, aghalabu kupitia Dubai au mpaka wa Kasumbalesa, na ni nadra muuzaji kukubali kurudishiwa kadi iliyokwisha kufunguliwa eti kwa kuwa haikuingia mahali pake. Akiba ya mwaka mzima yaweza kupotea kwa siku moja.

Makala haya hayakusudii kutaja sehemu zilizo « bora kupita zote », kwani orodha ya namna hiyo huzeeka upesi. Tunakusudia kueleza jambo moja: kompyuta haichaguliwi neno kwa neno, bali huchaguliwa kama sentensi nzima. Tukisema « kitabu kile kizuri kimepotea », nomino ndiyo iliyoamuru, na kila neno lililofuata limetii ngeli yake. Kompyuta nayo ina neno linaloamuru na maneno yanayotii. Mnunuzi akianza na neno lisiloamuru, atapata mkusanyiko wa sehemu nzuri zisizopatana.

Kuhusu istilahi, madukani mwa Lubumbashi mnunuzi atasikia zaidi Kifaransa: « carte mère », « carte graphique », « alimentation », « boîtier ». Hapa tutasema, kwa mfuatano huohuo: ubao mama, kadi ya michoro, kisanduku cha umeme na kasha.

1. Neno linaloamuru: mchezo na skrini

Wanaoanza huuliza kwanza: « Ninunue kichakataji gani? » Swali la kwanza lingekuwa: « Nitacheza nini, na juu ya skrini gani? »

Skrini ni uwanja wa nukta. Skrini ya kawaida, yenye nukta 1920 kwa 1080, ina nukta 2 073 600. Ile ya 3840 kwa 2160 ina nukta 8 294 400, yaani mara nne kamili. Kila picha inayoonekana lazima nukta hizo zote zihesabiwe upya. Ikiwa skrini huonyesha picha 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16,7 za kuandaa kila moja. Kwa picha 144, ina milisekunde 6,9 tu. Basi anayenunua skrini kubwa kwa fedha chache amejitwika deni ambalo kadi yake haitaweza kulilipa. Kwa kompyuta ya kwanza, skrini ya 1920 kwa 1080 yatosha.

Mchezo nao una matakwa yake. Counter-Strike 2, uliotoka mwaka 2023, unahitaji hasa picha nyingi kwa sekunde, na hapo kichakataji ndicho hutaabika. Cyberpunk 2077, wa mwaka 2020, umejaa nuru, vivuli na majengo, na mzigo wake huiangukia zaidi kadi ya michoro. Mtu aandike kwanza majina ya michezo mitatu au minne anayoitaka, kisha asome masharti yaliyotangazwa na watengenezaji wake. Karatasi hiyo ndiyo nomino ya sentensi yake.

2. Kadi ya michoro

Kichakataji hufanya kazi chache ngumu kwa mfuatano; kadi ya michoro hufanya maelfu ya kazi ndogondogo kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, katika kompyuta ya michezo, kadi hii ndiyo inayostahili fungu kubwa la fedha.

Mnunuzi atazame mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, ambamo michoro ya mchezo huwekwa. Kwa skrini tuliyoitaja, gigabaiti 8 ni kiwango cha busara. Kadi ya gigabaiti 4 bado huendesha michezo ya zamani, lakini mingi ya sasa itaisumbua. La pili ni umri wa ustadi wake. Kadi ya GTX 1080 Ti ya mwaka 2017 ilisifika kwa nguvu na ina gigabaiti 11. Hata hivyo mchezo wa Indiana Jones and the Great Circle, uliotoka Desemba 2024, haumo katika uwezo wake, kwa kuwa unadai kadi yenye viungo maalumu vya kufuatilia miali ya nuru, navyo haina. Radeon RX 6600 ya mwaka 2021, yenye gigabaiti 8 na inayotumia wati 132 tu, imetajwa na watengenezaji wa mchezo huo katika kiwango cha chini kinachokubalika. Kadi ya pili ni ndogo kwa sifa, lakini inapatana na mchezo.

Kadi zilizokwisha kutumika hupunguza gharama. Hata hivyo ikumbukwe kwamba mwaka 2021 kadi nyingi zilitumiwa usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijiti, hasa Ethereum, hadi mtandao huo ulipoacha njia hiyo Septemba 2022. Ndipo nyingi zikamwagwa sokoni. Si kwamba zote ni mbovu. Ila usilipe kabla ya kuiona ikiendesha mchezo mzito kwa nusu saa, feni zikizunguka bila kukwaruza, na skrini bila madoa wala mistari.

3. Kichakataji na ubao mama: upatanisho wenyewe

Hapa ndipo makosa ya upatanisho huwa mengi. Kila kichakataji huingia katika soketi ya aina yake, na kila ubao mama una soketi moja. Vichakataji vya AMD vilitumia soketi ya AM4 kuanzia mwaka 2016. Mwaka 2022 ikaja AM5. Kichakataji cha AM5 hakiingii kabisa katika ubao wa AM4.

Soketi nayo huamuru aina ya kumbukumbu. AM4 hukubali DDR4. AM5 hukubali DDR5 pekee. Kwa upande wa Intel, soketi ya LGA1700 ya mwaka 2021 ina mbao za aina zote mbili, lakini ubao mmoja wa kawaida hukubali aina moja tu. DDR4 na DDR5 zote zina meno 288, na mtu akizitazama juujuu atadhani ni ndugu. Lakini pengo lililo katikati ya meno halilingani, na kulazimisha ni kuvunja.

Hata soketi ikilingana, bado ubao wapaswa kukifahamu kichakataji. Ubao wa B450, uliotoka mwaka 2018, hauwezi kuamka na Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 ikiwa programu yake ya ndani, iitwayo BIOS, haijapyaishwa. Mnunuzi amwombe muuzaji aifanye kazi hiyo mbele yake.

Herufi za mwisho wa jina nazo zina maana, kama viambishi. Intel ikiandika F, kama katika Core i3-12100F, kichakataji hakina uwezo wa kuonyesha picha peke yake. Bila kadi ya michoro, skrini itabaki nyeusi. Kwa AMD, Ryzen 5 5600 haina uwezo huo, lakini Ryzen 5 5600G inao. Tofauti hii yaweza kumfaa mwenye fedha kidogo: aweza kuanza na 5600G bila kadi, acheze michezo myepesi, aandike kazi zake, kisha anunue kadi mwaka unaofuata.

Kwa fedha chache AM4 bado ni njia nzuri, kwa kuwa vipande vyake ni vingi na AMD iliendelea kuitolea vichakataji vipya hata mwaka 2024. Ryzen 5 5600 ina viini sita na huuzwa rasmi pamoja na feni yake katika boksi. Aliye na uwezo zaidi achague AM5, ambayo baadaye itamruhusu kubadili kichakataji bila kubadili ubao.

4. Kumbukumbu na hifadhi

Gigabaiti 16 za kumbukumbu zatosha kwa kuanza. Afadhali vipande viwili vya gigabaiti 8 kuliko kimoja cha 16, kwani kichakataji husoma vipande viwili kwa njia mbili kwa pamoja. Kwa yule aliyechagua 5600G bila kadi, shauri hili ni karibu sharti, maana hapo michoro hukaa katika kumbukumbu hiyohiyo.

Kwa hifadhi, mfumo na michezo viwekwe katika SSD. Michezo kadhaa ya sasa haikubali tena diski ya sahani zinazozunguka: Starfield, wa mwaka 2023, hudai SSD yenye nafasi ya gigabaiti 125. Diski ya zamani isitupwe. Itahifadhi vitabu, sauti na picha.

5. Umeme: mahali pasipo pa kubana fedha

Kisanduku cha umeme hakiongezi hata picha moja kwa sekunde. Ndiyo sababu wengi hukinunua mwisho, kwa fedha zilizobaki. Nacho ndicho kinacholisha vyote, na kikiharibika vibaya chaweza kufa pamoja na wenzake.

Hesabu yenyewe si ngumu. RX 6600 hutumia wati 132. Ryzen 5 5600 haizidi sana wati 76. Ubao, feni na hifadhi tuziwekee wati 50. Jumla haifiki 300. Kisanduku cha kweli cha wati 500 au 550 chatosha na kuzidi. Tunasema « cha kweli » kwa sababu namba kubwa iliyoandikwa ubavuni yaweza kudanganya. Mnunuzi asome kibandiko kwenye mstari wa volti 12, ambao hulisha kadi na kichakataji: volti 12 kwa ampea 38 ni wati 456. Kisanduku kinachojiita cha wati 600 huku mstari huo ukitoa ampea 20 kina wati 240 tu za kufaa. Vilevile, baadhi ya visanduku vya bei ndogo vina swichi nyekundu ya volti 115 na 230. Nchini mwetu lazima iwe upande wa 230 kabla ya kuchomeka waya.

Kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kusawazisha umeme kihesabiwe tangu mwanzo kuwa sehemu ya kompyuta. Mwenye uwezo aongeze betri ya akiba, ile iitwayo « onduleur », impe dakika chache za kuhifadhi kazi yake na kuzima kwa utulivu.

6. Njia ya kompyuta za ofisini

Wengine hununua kompyuta kuukuu ya ofisini na kuiongezea kadi. Njia hii ni halali, lakini ina mitego miwili. Kwanza, visanduku vingi vya kompyuta hizo havina waya wa kulisha kadi kubwa, wala havibadilishiki kwa urahisi kwa kuwa havifuati vipimo vya kawaida vya ATX. Tundu la PCI Express lenyewe hutoa wati 75 tu. Basi itafutwe kadi isiyozidi hapo, kama zile GTX 1650 zisizo na tundu la waya wa ziada. Pili, Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haivikubali rasmi vichakataji vingi vilivyotoka kabla ya mwaka 2017. Hapo Linux, isiyolipiwa, ni kimbilio. Tangu mwaka 2018 programu ya Proton huiwezesha kuendesha michezo mingi ya Windows, isipokuwa baadhi ya ile ya mashindano inayokataa kwa hofu ya udanganyifu.

7. Kugawa fedha

Kwa kuwa bei hubadilika, tunapendekeza mafungu badala ya bei. Bila kuhesabu skrini na kifaa cha kusawazisha umeme, katika kila dola 100:

– kadi ya michoro: 37;
– kichakataji na ubao mama: 25;
– kumbukumbu: 10;
– SSD: 10;
– kisanduku cha umeme: 10;
– kasha lenye matundu ya hewa: 8.

Mafungu haya si sheria. Mwishoni mwa mwaka 2025, kwa mfano, bei ya kumbukumbu ilipanda sana kwa sababu ya mahitaji ya vituo vikubwa vya akili bandia, na fungu la 10 likawa dogo. Ikitokea hivyo, lipunguzwe fungu la kasha kwanza, kisha la kadi. La kisanduku cha umeme lisiguswe.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba mchezo na skrini huamuru kadi. Kichakataji huamuru soketi, na soketi huamuru kumbukumbu. Kadi na kichakataji kwa pamoja huamuru umeme. Anayefuata mpangilio huu ataandika orodha yake nzima kabla ya kutoa hata faranga moja, na ataweza kumwonyesha fundi afanye masahihisho ambayo bado hayagharimu kitu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa.

Majina tuliyotumia hapa, kama vile ubao mama na kisanduku cha umeme, tunayatoa kwa majaribio. Wenzetu wa idara za sayansi, na hasa mafundi wa mjini ambao kila siku huyataja mambo haya kwa Kiswahili chao, watuambie yapi yanaeleweka dukani na yapi hayaeleweki.