Picha Imegoma Kufunguka? Usikilaumu Kivinjari

Katika sekretariati za Bukavu, iwe Nyawera au Kadutu, kazi za wanafunzi huchapwa mchana kutwa. Kijana analeta fulashi yenye picha ya gorila wa Kahuzi-Biega aliyoitoa kwenye intaneti. Programu ya kuchapia inaikataa. Ukitazama, jina la faili haliishii kwa .jpg, bali kwa .webp au .jfif. Kivinjari ndicho hulaumiwa, lakini hakijakosea. Tena matatizo haya ni mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na WebP. Kivinjari kinapoomba picha, huitajia seva aina za picha kinazozielewa. WebP ikiwemo, seva nyingi hutoa hiyo, hata kama mwenye picha aliiweka kama JPEG. Google ilitangaza WebP mwaka 2010, na kwa vipimo vyake picha hupungua uzito kwa asilimia 25 hadi 34 ikilinganishwa na JPEG ya ubora uleule. Kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo, hiyo ni akiba ya kweli. Shida ni kwamba programu nyingi za zamani hazimfahamu mgeni huyu.

JFIF ni habari nyingine: ni JPEG ileile iliyoanza mwaka 1992, ila imepewa mwisho mwingine wa jina. Hutokea pale rejista ya Windows inapokiambia kivinjari kuwa JPEG huhifadhiwa kama .jfif.

Utazitofautishaje? Ifungue faili kwa Bloc-notes ya Windows. Utakutana na vurugu ya herufi, lakini tazama mwanzo kabisa. Ukiona RIFF, kisha alama chache, kisha WEBP, jibu umelipata. Ukiona ÿØÿ, hiyo ni JPEG, hata jina liseme nini. Ifunge bila kuhifadhi chochote.

Faili ya .jfif ibadilishe jina tu iwe .jpg. Ili tatizo lisirudi, fungua regedit, kihariri cha rejista hiyo ya Windows, nenda HKEY_CLASSES_ROOT\MIME\Database\Content Type\image/jpeg, na kwenye Extension andika .jpg badala ya .jfif. Usiguse kingine chochote humo, kisha fungua kivinjari upya.

Kwa .webp, kubadilisha jina hakusaidii: ukiandika “maharage” kwenye gunia la mihogo, bado utapika mihogo. Lazima picha yenyewe igeuzwe. GIMP, programu ya bure, inafungua WebP tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018. Ifungue humo, kisha itoe kama JPEG kwa ubora wa 90 hivi. Kama usuli wake ni wazi, chagua PNG, maana JPEG haihifadhi uwazi. Faili ya kwanza itunze, kwa kuwa kila ukiihifadhi JPEG upya, ubora hupungua kidogo.

Kuizuia WebP kabisa kwenye kivinjari ni kujinyima akiba ya mega kwa ajili ya picha chache za kuchapwa. Afadhali kila sekretariati iwe na programu ya kugeuza, na walimu wa informatiki wafundishe kusoma mwanzo wa faili. Kumrudisha mwanafunzi akapakue upya ni kumlipisha mara mbili picha ambayo tayari anayo, na ambayo ni nzima.