Somo la Fizikia Chuoni: Mambo Yanayotakiwa kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, wazazi wengi wa Kisii na Nyamira huketi na watoto wao kushauriana juu ya masomo ya chuo. Mmoja hutaka kuwa mhandisi wa barabara, mwingine fundi wa umeme, na mwingine mwalimu wa sayansi. Lakini mara nyingi mashauri hayo huwa yamechelewa. Kijana anayetaka kuwa mhandisi aliliacha somo la fizikia miaka miwili nyuma, kwa kuwa rafiki zake walimwambia ni gumu, na mzazi wake hakuarifiwa. Familia iko tayari kuuza ng'ombe ili kulipa karo, lakini mlango wenyewe umekwisha fungwa.

Kwa sababu hiyo yafaa wazazi na wanafunzi wafahamu mapema ni mambo gani yanayotakiwa kwa mtu atakaye kuingia katika somo la kwanza la fizikia chuoni, na mambo gani yatakayomkuta akisha kuingia.

MLANGO HUFUNGWA MAPEMA

Katika mpango wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na ambao mtihani wake wa mwisho wa kidato cha nne umepangwa kufanywa mwaka 2027, mwanafunzi huchagua masomo yake mwishoni mwa kidato cha pili. Katika shule nyingi fizikia si ya lazima tangu hapo. Anayeiacha hawezi kuifanyia mtihani, na asiyeifanyia mtihani hawezi kuomba masomo yanayoitaka.

Katika mpango mpya, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia darasa la kumi mwaka 2026, uchaguzi huja mapema vilevile. Ziko njia tatu: ya sayansi na ufundi, ya masomo ya jamii, na ya sanaa na michezo. Fizikia imo katika njia ya kwanza, nayo huchaguliwa pamoja na masomo mengine. Basi mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano ndiye anayeamua jambo hili, na haifai aachwe aamue peke yake.

ALAMA ZINAZOTAKIWA

Mtihani wa fizikia wa kidato cha nne una karatasi tatu. Karatasi ya kwanza na ya pili ni za nadharia, kila moja ina alama 80. Ya tatu ni ya majaribio kwa vyombo, nayo ina alama 40.

Mtu atakaye kuingia chuo kikuu sharti apate wastani wa C+ katika mtihani mzima. Tena, kwa shahada ya sayansi yenye fizikia, au ya ualimu wa fizikia, vyuo vingi hutaka C+ katika fizikia yenyewe, na katika hisabati pia. Nafasi hugawanywa na idara ya serikali iitwayo KUCCPS, ambayo hutazama masomo manne yanayohusika na kazi ile mwanafunzi aliyoiomba. Kila somo lina pointi 12 kwa alama ya A, hivyo jumla ya juu kabisa ni 48. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye wastani mzuri aweza kukosa nafasi ya uhandisi, ikiwa wastani huo umeletwa na masomo mengine, hali fizikia na hisabati ziko chini.

Aliyepata C- asikate tamaa. Kwa kawaida alama hiyo humruhusu kuingia masomo ya diploma katika vyuo vya ufundi, na humo pia, katika kazi za umeme na mitambo, fizikia hufundishwa. Kisii National Polytechnic, iliyoanza mwaka 1971 kwa jina la Gusii Institute of Technology na kupandishwa daraja mwaka 2016, ni chuo cha namna hiyo. Mwenye diploma nzuri aweza baadaye kupanda hata shahada.

CHUO KIMESOGEA KARIBU

Zamani kijana wa Gusii aliyetaka elimu ya chuo alifunga safari ndefu. Kabla ya mwaka 1956, Royal Technical College ilipofunguliwa Nairobi, njia kubwa ya elimu ya juu katika Afrika Mashariki ilikuwa Makerere, Kampala. Leo mambo ni mengine. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1983 kikawa cha walimu wa sekondari. Mwaka 1994 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton. Na tarehe 6 Februari 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Fizikia ni mojawapo ya masomo yanayofundishwa humo.

KWA NINI MWAKA WA KWANZA HUWA MZITO

Wanafunzi wengi waliopata alama nzuri shuleni hushangaa wanapoanguka katika mtihani wa kwanza wa chuo. Sababu moja ni ya kihistoria. Kabla ya 8-4-4, mwanafunzi alisoma kidato cha tano na cha sita, miaka miwili mizima, kabla ya kuingia chuo kikuu. Miaka hiyo ilipoondolewa, masomo ya shahada yaliongezwa kutoka miaka mitatu hata minne, na sehemu kubwa ya yale yaliyofundishwa katika kidato cha tano na cha sita ikahamia mwaka wa kwanza wa chuo. Kwa hiyo mwalimu wa chuo huenda upesi, naye hatarajii kurudia mambo ya kidato cha pili.

Sababu ya pili ni hisabati. Shuleni mwanafunzi hupewa kanuni, huweka tarakimu mahali pake, na kupata jibu. Chuoni huulizwa kanuni hiyo imetoka wapi. Ili kujibu, sharti ajue aljebra vizuri, pembetatu na vipimo vya pembe, vekta, na ile hisabati ya mabadiliko iitwayo kalkulasi, ambayo mwanzo wake hufundishwa katika hisabati ya kidato cha nne. Asiyeweza kugeuza mlinganyo bila kukosea atadhani kwamba fizikia imemshinda, kumbe kilichomshinda ni aljebra.

MAMBO YAFUNDISHWAYO

Somo la kwanza kwa kawaida huanza na vipimo, kisha mwendo wa vitu, kani na sheria tatu za Newton, kazi na nishati, na mzunguko. Baadaye huja joto, mawimbi, nuru, na umeme.

Mambo haya hayako mbali na maisha ya kila siku. Mathalan, lori lililobeba majani ya chai katika barabara za Nyamira likienda kilometa 36 kwa saa, huwa linakwenda meta 10 kila sekunde. Dereva akishika breki, na lori likapunguza mwendo kwa meta 5 kwa sekunde kila sekunde, litasimama baada ya meta 10. Je, likienda kilometa 72 kwa saa, yaani mara mbili? Wengi watasema meta 20. Sivyo: litasimama baada ya meta 40. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Kasi ikiwa mara mbili, nishati huwa mara nne, na breki hutakiwa kuimaliza yote. Aliyefahamu hesabu hii huelewa kwa nini ongezeko dogo la mwendo huua watu.

Vivyo hivyo jiwe la sabuni la Tabaka, ambalo mafundi hulichonga vinyago na vyombo, laweza kumfundisha mwanafunzi uzito wa vitu kwa ujazo wao. Kipande chenye gramu 540 kikizamishwa majini, na maji yakapanda kwa sentimeta za ujazo 200, basi kila sentimeta moja ya ujazo ina gramu 2.7. Njia hii yafaa hata kwa kipande chenye umbo la ndovu au samaki, ambalo haliwezi kupimwa kwa rula.

Radi nayo, ambayo yajulikana sana katika milima ya Gusii, ni somo la umeme. Mtu akiona mmeme na kuhesabu sekunde hata asikie ngurumo, kila sekunde 3 ni kama kilometa moja, kwa maana sauti huenda yapata meta 340 kwa sekunde. Umeme huo hutafuta njia rahisi ya kwenda ardhini. Ndiyo sababu majengo hutiwa fimbo ya chuma au shaba juu ya paa, iliyounganishwa kwa waya mnene hata chini ya udongo.

KUPIMA KWA UAMINIFU

Sehemu inayodharauliwa na wanafunzi wengi ni kazi ya maabara, nayo ndiyo sehemu inayoonyesha kama mtu ameanza kuwa mwanasayansi.

Kitabu husema kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Mwanafunzi wa Kisii akiweka kipimajoto ndani ya maji yachemkayo ataona yapata digrii 94. Wengi huogopa, wakafuta 94 na kuandika 100, ili wakubaliane na kitabu. Hilo ni kosa kubwa. Kitabu kinasema juu ya maji yaliyo usawa wa bahari, kama Mombasa. Mji wa Kisii uko juu yapata meta 1,700, na hewa iliyo juu ya maji haiyakandamizi kwa nguvu ile ile. Hivyo maji huchemka mapema. Ndiyo sababu maharagwe huchelewa kuiva milimani, na sufuria yenye kifuniko cha kuzuia mvuke husaidia. Yule aliyeandika 94 amegundua jambo la kweli juu ya nchi yake. Yule aliyeandika 100 hakugundua kitu, tena amesema uongo.

Kupima kwahitaji akili pia. Jiwe dogo likifungwa kwenye uzi wa meta moja na kuachiwa libembee, huchukua kama sekunde 2 kwenda na kurudi. Mkono wa mtu huweza kuchelewa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde katika kubonyeza saa. Akipima mbembeo mmoja, kosa lake ni asilimia 10. Akipima mibembeo 20, ambayo huchukua yapata sekunde 40, kuchelewa ni kule kule, lakini sasa ni nusu tu ya asilimia moja. Kwa njia hiyo, kwa uzi na jiwe tu, aweza kukaribia sana kipimo cha mvuto wa dunia katika nchi ya Kisii, ambacho ni yapata 9.78. Mwalimu hatazami jibu peke yake. Hutaka mwanafunzi aeleze kosa lake laweza kufika wapi.

KAZI YA KILA JUMA

Kwa kawaida somo moja huwa na saa tatu za mafundisho kila juma, na majaribio ya maabara siku nyingine. Lakini saa za darasani ni sehemu ndogo. Yafaa mwanafunzi aongeze saa mbili za kazi yake mwenyewe kwa kila saa ya mafundisho, naye azitumie kwa kufanya maswali wala si kusoma tu. Kusoma jibu lililofanywa na mwingine ni kama kutazama mtu akilima: shamba lako halilimiki.

Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, majaribio madogo na kazi za muhula huwa alama 30, na mtihani wa mwisho 70. Alama ya kupita ni 40. Vyuo vingi humzuia kufanya mtihani mtu aliyekosa kuhudhuria mafundisho kupita kiasi, na asiyeleta taarifa za maabara huweza kuanguka hata kama alijibu karatasi vizuri.

WAZAZI WAFANYE NINI

Kwanza, mzazi aulize mapema mtoto amechagua masomo gani, na kwa nini. Ikiwa ameiacha fizikia kwa hofu tu, azungumze na mwalimu wake kabla ya muhula kupita. Binti apewe nafasi sawa na ndugu yake wa kiume. Hakuna sheria ya Newton inayowabagua.

Pili, kati ya mtihani wa kidato cha nne na kuingia chuo hupita miezi mingi. Muda huo usiishe bure. Saa moja kila siku ya kurudia aljebra na vekta, baada ya kuchuma chai, itamwokoa mwanafunzi na aibu ya muhula wa kwanza.

Tatu, mtoto akianguka katika mtihani mmoja, mzazi asidhani kuwa karo imetupwa. Vyuo hutoa nafasi ya kurudia. Wengi walioanza vibaya walimaliza vema kwa kuwa waliuliza walipokuwa hawajaelewa, na kuandika walichokiona badala ya kile walichodhani mwalimu anataka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.