Mbwa-Mwitu Juu ya Upanga wa Felegi

Ramisi, katika Kwale, ilijulikana kwa miwa tangu kiwanda chake cha sukari kilipoanzishwa mwaka 1927. Mkata miwa anaponunua panga hutazama chapa kwanza, na panga za Birmingham zenye chapa ya mamba zilipata sifa Afrika nzima. Desturi hiyo ya kuamini mnyama aliyepigwa juu ya chuma ni ya zamani katika pwani hii.

Kaskazini ya Ramisi iko Gazi, yalipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Zama zile watu wa cheo walitembea na silaha, na miongoni mwa silaha za heshima ulikuwamo upanga wa felegi: mrefu, ulionyoka, wenye makali pande zote mbili. Mpini wake uliofungwa ngozi au fedha ulikuwa kazi ya mafundi wa Kiarabu. Lakini kengee, yaani chuma chenyewe, mara nyingi ilitoka Ulaya.

Mji uliosifiwa zaidi ulikuwa Solingen, Ujerumani, karibu na mto Wupper. Huko vyama vya mafundi viligawana kazi kwa ukali: mmoja alifua, mwingine alitia chuma moto na kukichovya kipate ugumu, mwingine alinoa kwa mawe yaliyozungushwa na nguvu ya maji. Wengi hudhani kwamba mfereji wa katikati ya kengee ni wa kupitishia damu. Sivyo, hupunguza uzito pasipo kuudhoofisha upanga.

Pambo lenye sifa kuu lilikuwa mbwa-mwitu anayekimbia: mistari michache iliyochongwa kwa patasi na kujazwa shaba. Kwa kweli amechorwa vibaya, hata mtu aweza kudhani ni mbuzi, lakini ndiye aliyeuza panga. Alama hiyo ilikuwa ya mji wa Passau. Solingen wakaiiga, na mafundi wa nchi nyingine wakawaiga hao. Kwa hiyo mwenye upanga wa babu yake asiambiwe umri wala asili yake kwa alama hiyo peke yake. Wala asiusugue kwa msasa ili ung'ae. Kitambaa na mafuta mepesi vyatosha. Msasa huondoa kutu na mbwa-mwitu pamoja.