Mafunzo ya awali ya Gichin Funakoshi

Gichin Funakoshi (Shuri, Okinawa, 10 Novemba 1868 - Tokyo, 26 Aprili 1957) alikuwa mwalimu wa shule na bingwa wa karate kutoka Japani. Anajulikana kama mwanzilishi wa mtindo wa Shotokan.

Utoto

Alizaliwa njiti, akakua mdhaifu, hata ndugu zake hawakutegemea aishi miaka mingi. Alilelewa na wazazi wa mama yake. Shuleni alisoma na mtoto wa Anko Asato, mmojawapo wa mabingwa wakubwa wa karate kisiwani Okinawa. Kwa njia hiyo alipata kuwa mwanafunzi wa Asato.

Mafunzo ya usiku

Wakati huo karate ilifundishwa kwa siri. Funakoshi alikwenda kwa mwalimu wake usiku, akibeba taa kama hakuna mbalamwezi, na kurudi alfajiri. Majirani walidhani anakwenda danguroni.

Mazoezi yalifanyika uani, huku Asato akitazama kutoka barazani. Kazi ilikuwa kurudia kata moja, yaani mfululizo wa mapigo na kinga uliopangwa tangu zamani. Kata hiyo ilirudiwa kila usiku, pengine kwa miezi mingi, na mwanafunzi hakuruhusiwa kuanza nyingine mpaka mwalimu aridhike. Sifa zilitolewa kwa nadra. Kata tatu za Tekki peke yake zilimchukua Funakoshi miaka 10.

Alifundishwa pia na Anko Itosu, rafiki wa Asato. Kadiri miaka ilivyopita, afya yake iliimarika. Badiliko hilo lilimfanya aione karate kuwa njia ya kujenga mwili na tabia, si ya kupigana tu.

Mwalimu na mwanafunzi

Mwaka 1888 aliajiriwa kuwa mwalimu msaidizi wa shule ya msingi. Ilimlazimu kukata shungi la nywele, alama ya heshima ya ukoo wake, jambo lililowakasirisha wazazi. Alifundisha shuleni kwa zaidi ya miaka 30. Mchana alikuwa mwalimu, usiku mwanafunzi.

Matokeo

Mwanzoni mwa karne ya 20 karate iliingizwa katika shule za Okinawa, hasa kwa juhudi za Itosu. Mwaka 1922 Funakoshi aliionyesha hadharani mjini Tokyo, akabaki huko kuifundisha, hasa kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Hivyo sanaa aliyojifunza gizani ikawa somo la wazi, lakini kurudia kata kulibaki msingi wake.